Goti la Baba na Njia ya Mandara

"Mwezi wa pili nakwenda Mandara," Baba alisema, mtori bado unafuka moshi mezani.

Hakuwa anaomba ushauri. Mama aliweka upawa chini, akanitazama mimi kama vile ndiye niliyemtia maneno hayo kinywani. Mimi nikamtazama Baba. Au niseme ukweli, nililitazama goti lake la kulia, lile alilolinyoosha chini ya meza kwa sababu likikaa limekunjwa muda mrefu linakakamaa. Goti hilo lilikuwa na umri wa miezi kumi na moja. Baba mwenyewe ana miaka 67.

Kwa msomaji asiyeujua mlima wetu: Mandara ni kituo cha kwanza cha kulala kwenye njia ya Marangu, ile njia ya kupandia Kilimanjaro ambayo ina vibanda badala ya mahema. Kipo mita 2,720 kutoka usawa wa bahari. Kutoka getini ni kama kilomita nane, karibu zote msituni, na mgeni wa kawaida hutumia saa tatu hadi nne. Wapagazi, ambao kwetu huitwa wagumu, hufika kabla ya mgeni, wakatua mzigo, wakachemsha maji, mgeni akija akakuta chai. Baba alifanya kazi hiyo miaka 26, ishirini akiwa mgumu na sita ya mwisho akiwa msaidizi wa kiongozi. Kwake kwenda Mandara ilikuwa kama mtu wa Dar anavyosema anakwenda Kariakoo.

Lakini hiyo ilikuwa zamani, kabla goti halijamfungia nyumbani.

Na hapa inabidi niungame jambo, maana bila hilo hii itakuwa habari ya goti tu.

Miaka kumi iliyopita, nikiwa nimetoka chuo kikuu na kiu ya kuonekana, niliandika makala ndefu gazetini kuhusu wapagazi wa Kilimanjaro. Niliipa kichwa "Magoti ya Kilimanjaro". Nilihoji watu wengi, nilikusanya malalamiko ya malipo, ya viatu, ya baridi. Yote yalikuwa ya kweli. Ila makala ilikosa moyo, mhariri wangu akasema nitafute mtu mmoja wa kufungulia. Nikamfungulia Baba. Sikumtaja jina. Niliandika "mzee mmoja wa Marangu", nikaeleza jinsi anavyotoka chooni asubuhi akiwa ameshika mlango kwa mikono miwili, na jinsi anavyosimama hapo kwanza, akihema, kabla hajathubutu kupiga hatua. Nilikuwa nimemwona hivyo likizo moja, kupitia dirisha la jikoni. Hakujua kuwa ninamwona.

Makala ilisifiwa. Nilipandishwa cheo. Marangu gazeti lilifika siku mbili baadaye, na jioni moja kijana fulani akalisoma kwa sauti kilabuni, watu wakiwa na mbege mkononi. Wazee wangapi wa Marangu walifanya kazi mlimani, wana choo chenye mlango wa bati la bluu na binti mwandishi wa habari? Baba alimsikiliza hadi mwisho, akamaliza mbege yake, akaondoka. Hakurudi kilabuni karibu mwaka mzima. Kwangu hakusema neno, wala siku hiyo wala baadaye.

Mama ndiye aliyenipigia simu. "Njoo na sale," alisema.

Sale ni ule mmea wenye majani marefu ya kijani ambao Wachaga huupanda kwenye mipaka ya vihamba. Pia ndilo jani la kuombea msamaha. Ukimkosea mtu ukamletea sale, ni vigumu sana kwake kukukatalia, hata kama jambo lilikuwa zito. Nilimjibu Mama kwamba sijakosea. Niliandika ukweli. Nilikuwa na miaka 25, na niliamini kwamba ukweli ukishakuwa kweli basi kazi imekwisha.

*

Goti liliendelea kuharibika. Kwetu watu husema "grisi imeisha". Si neno la kitabibu lakini haliko mbali sana na hali yenyewe. Mwisho wa mfupa wa paja na mwisho wa mfupa wa goko umefunikwa na gegedu, kitu laini kinachoteleza. Gegedu ikiliwa, mfupa unasuguana na mfupa. Baba alipakwa dawa za kuchua, alikunywa mizizi, alichomwa sindano, alivaa soksi ya goti iliyoletwa na shangazi kutoka Nairobi. Mwishowe alikuwa halali. Usiku tulimsikia anatembea sebuleni akishika ukuta.

Daktari wa mifupa alipoiweka picha ya eksirei kwenye taa, hata mimi nisiyejua kitu niliona. Goti la kushoto lilikuwa na nafasi katikati ya mifupa. La kulia halikuwa nayo.

"Mzee, uliwahi kuumia goti hili?"

Nikajibu mimi, haraka, kama kawaida yetu waandishi. Nikasema alibeba mizigo mlimani miaka 26.

Daktari alitikisa kichwa kwa upole. Akasema mizigo inaweza kuchangia, umri unachangia, na kuna familia zina ugonjwa huo zaidi ya nyingine. Ila goti moja kuharibika kiasi hiki na lingine kubaki zima, mara nyingi kuna jeraha la zamani. Akamgeukia Baba na kumuuliza tena.

"Nilianguka kwenye mparachichi," Baba alisema. "Mwaka 1998. Goti lilivimba wiki tatu. Nilikuwa nachuma maparachichi ya kumpelekea huyu shuleni."

Huyu ni mimi. Nilikuwa darasa la pili.

Nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki nikiwaza makala yangu. "Magoti", nilikuwa nimeandika, kwa wingi, nikaulaumu mlima mzima. Lilikuwa goti moja, na sehemu ya lawama ilikuwa juu ya mparachichi ulio hatua ishirini kutoka jikoni kwetu. Nilihoji watu zaidi ya thelathini kwa ajili ya makala ile. Baba sikumuuliza hata swali moja.

Fedha za upasuaji zilipatikana kama zinavyopatikana Tanzania: kundi la WhatsApp, mweka hazina ambaye ni mjomba mkali, na orodha inayobandikwa kila jioni ikionyesha nani ameahidi na nani ametoa. Nilishangaa kuona majina ya wagumu wenzake wa zamani, watu nisiowajua, mmoja ametuma elfu tano, mwingine elfu kumi. Mmoja aliandika tu: "Kwa ajili ya Meku, alinibebea mzigo wangu Horombo nilipougua."

Upasuaji wenyewe, ukielezwa kwa maneno machache, hautishi sana. Hawang'oi goti lote kama watu wanavyodhani. Wanakata sehemu nyembamba iliyoharibika mwishoni mwa kila mfupa, wanafunika kwa chuma, na katikati wanaweka kipande cha plastiki ngumu kinachofanya kazi ya gegedu. Kazi nzito huja baadaye. Kesho yake tu mtaalamu wa mazoezi alifika na kumwambia Baba asimame. Baba alidhani anatania. Akasimama, jasho likimtiririka, akapiga hatua nne akiegemea kile kifaa cha kutembelea, akarudi kitandani na kulala kama mtoto.

Kuanzia hapo maisha yetu yakahesabiwa kwa nyuzi. Goti limekunjika nyuzi ngapi leo? Sitini. Sabini na tano. Kwenye tisini lilikwama wiki nzima na Baba akanuna, hataki kula. Baada ya miezi mitatu lilikuwa limepita mia na kumi, na alikuwa anatembea kihambani kwa fimbo moja, akikagua migomba kama mkaguzi wa serikali. Jambo moja tu lilimshinda: kupiga magoti. Kanisani hubaki ameketi huku wenzake wamepiga magoti, na mara ya kwanza aliniambia, "Mungu ataelewa, ila Katekista sijui."

*

Wakati nikimuuguza nilirudia kusoma hadithi ya Ernest Hemingway ya theluji za Kilimanjaro, ile iliyotoka mwaka 1936. Nilikuwa nimeisoma chuoni kwa ajili ya mtihani. Safari hii nilikuwa naisoma kando ya kitanda cha mtu mwenye goti lililofungwa bendeji, na nikakutana na jambo ambalo chuoni lilinipita kabisa: balaa lote la hadithi ile linaanzia gotini. Mwandishi anayeitwa Harry anakwaruzwa na mwiba gotini, anapuuza kutia dawa, kidonda kinaoza, naye anakufa taratibu huku akiwaza hadithi zote ambazo hakuziandika.

Ni hadithi nzuri, sitaki kujifanya siipendi. Lakini hakuna mtu anayeupanda mlima ndani yake. Mlima unaonekana mwishoni, kwa mbali, mweupe, katika ndoto ya mtu anayekufa. Mwanzoni kabisa kuna chui aliyekauka karibu na kilele, na wasomi wamebishana kuhusu chui yule kwa miaka mingi. Watu wa Marangu wanaovuka msitu kila siku na kilo 20 kichwani hawamo.

Nilipomsimulia Baba, aliuliza swali moja: "Huyo mwandishi alikuwa na mtu wa kumwosha?"

Nikasema ndiyo, kulikuwa na mke, na watumishi.

"Basi hakuwa peke yake," akasema, akageukia upande wa pili.

*

Daktari aliruhusu. Nilitaka akatae, nikampigia mwenyewe nikitegemea anisaidie kumzuia mzee, akanijibu kwamba kutembea ndiko goti lile lilikowekewa. Masharti yalikuwa matano: fimbo mbili, si moja, mzigo mzito hapana, kukimbia na kuruka hapana, kupumzika mara kwa mara, na kushuka polepole kuliko kupanda, kwa sababu wakati wa kushuka ndipo goti hubeba uzito mkubwa zaidi. Goti likivimba na kupata joto, rudi hospitali.

Baba alijiandaa miezi miwili. Alishuka Marangu Mtoni na kupanda kurudi nyumbani kwa mguu, kwanza mara moja kwa wiki, kisha mara tatu. Watoto wa shule walimzoea. "Meku anakwenda mlimani," walikuwa wakisema, na yeye huwajibu kwa uzito wote, "Bado. Nafanya mazoezi."

Tulifika getini saa mbili na nusu asubuhi, Jumanne ya mwezi wa pili, kiangazi, anga safi. Sheria za hifadhi zinataka uwe na kiongozi hata kama unakwenda na kurudi siku hiyohiyo. Kiongozi wetu alikuwa kijana wa miaka arobaini na kitu (kwa Baba huyo ni kijana) ambaye zamani alianza kazi akiwa mgumu chini yake.

"Shikamoo, Meku. Leo wewe ni mgeni wangu."

"Marahaba. Usinizoee."

Kisha ikaja zamu ya kitabu. Kila anayepanda huandika jina, umri, uraia, kazi. Baba alikuwa amelipita lile dirisha mara mamia bila kuandika kwenye kitabu cha wageni, maana hakuwa mgeni. Alishika kalamu, akaandika jina lake kwa herufi kubwa, akaandika 67, akaandika Mtanzania. Kwenye safu ya kazi akasita. Nyuma yetu kulikuwa na Wajerumani wanne wanangoja. Nilitaka kumnong'oneza "mkulima" au "mstaafu". Nikajizuia. Akaandika: mgumu.

Pale getini ipo kumbukumbu ya Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kileleni mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller. Marangu utatajiwa pia Yohani Kinyala Lauwo, mtu wa kwetu anayekumbukwa kwa kuwaongoza. Vituo vyenyewe vina majina ya watawala: Mandara ni Mangi Rindi wa Moshi, Horombo ni Mangi wa Keni. Nilimwambia Baba kwamba hakuna kituo chenye jina la mgumu. Akasema, "Twende, jua linapanda."

*

Saa ya kwanza alikwenda vizuri kuliko mimi. Msitu wa kule chini una giza la kijani, maji yanasikika kila upande, na mbega wanaruka juu kwenye matawi na mikia yao meupe kama shela. Baba alikuwa na mwendo ambao sikuwahi kuuona: fimbo ya kushoto, mguu wa kulia, fimbo ya kulia, mguu wa kushoto, bila kuharakisha wala kusimama. Watu wa mlimani wanauita polepole. Wageni hulichapisha neno hilo kwenye fulana. Yeye alilipata kwa njia nyingine. "Ukikimbia na mzigo, unapumzika sana," aliniambia. "Ukipumzika sana, baridi inaingia. Basi unakwenda hivi."

Wagumu walitupita makundi kwa makundi. Siku hizi mizigo hupimwa getini na kikomo ni kilo 20. Baba aliwauliza wote: "Ngapi?" Wakamjibu, "Ishirini, Meku." Mmoja alikuwa mdogo sana, uso wa mtoto wa kidato cha nne, na viatu vilivyopasuka kisigino. Baba alimsimamisha, akamwondolea ule mfuko kichwani kidogo kwa mkono mmoja, akaikunja upya ngata yake, akamrudishia. Kijana akazungusha shingo, akacheka. "Ahsante, Meku. Kumbe!"

"Masharti," nikamkumbusha Baba. "Mzigo hapana."

"Sikuubeba. Niliushika."

Tulipofika Kisambioni, pale katikati ambapo watu hupumzika na kula, goti lilikuwa limeanza kujaa. Niliona anavyolikanda juu ya suruali. Kiongozi aliona pia, akajifanya anafunga kamba za viatu. Nilifungua begi langu kutoa maji na chapati, na kilichotoka kwanza ni lile jani.

Nilikuwa nimelikata alfajiri kwenye mpaka wa kihamba, gizani, bila kumwambia hata Mama. Nilipanga kumpa tukishafika Mandara, kwenye kile kibaraza, mlima ukiwa nyuma yetu. Nilishaona hata picha yake. Kumbe lilikuwa limejikunja kati ya chupa ya maji na chapati, limenyauka ncha.

Baba alilitazama. "Hili la nini?"

"Baba, ile makala…"

Nilishindwa kuendelea. Miaka kumi ya kutunga maneno kwa mshahara, na sikuwa na hata moja. Kiongozi, Mungu ambariki, alikumbuka ghafla kwamba ana shida ya kwenda haja.

Baba alilichukua jani mkononi mwangu. Akalinyoosha juu ya paja lake kama mtu anayenyoosha noti kuukuu, akalikunja mara tatu, akalitia mfuko wa shati. Akakata chapati.

"Uliandika nabeba kilo thelathini na tano," alisema baada ya muda.

"Ndiyo."

"Nani alikwambia?"

"Watu… wenzako."

"Thelathini na tano nilibeba mara moja. Mgumu mwenzangu alilewa kwa mwinuko pale juu ya Horombo, nikachukua wake. Siku nyingine zilikuwa ishirini na tano, ishirini na nane. Ungeniuliza ningekwambia." Akatafuna. "Na choo."

Nikainamisha kichwa.

"Choo usingeandika, mama."

Baba huniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Alilisema kwa sauti ileile ambayo angeniambia nisiache jembe nje mvua ikinyesha. Kisha akaendelea, na hapa ndipo nilipoanza kusikiliza kama nilivyotakiwa kusikiliza tangu mwanzo. Aliniambia kwamba aliposikia makala ile kilabuni, maumivu hayakuwa ya kuchekwa. Hakuna aliyecheka. Wote walimhurumia. Wazee wenzake, ambao walimjua akiwa mtu wa kwanza kufika kituoni na moto kuwashwa, walimtazama kama mtu aliyelazwa. "Miaka ishirini na sita," alisema, "wewe umeona goti."

Nikamuuliza, hatimaye, swali: "Ningeandika nini?"

Akafikiri. Akaniambia kuhusu asubuhi za Horombo, mawingu yakiwa chini yako kama bahari, na wagumu wakipigana mateke ya kutafuta joto. Kuhusu bibi mmoja wa Kijapani aliyempa glavu zake alipoona vidole vyake, akashuka yeye mwenyewe akiwa ameweka mikono mifukoni. Kuhusu mwenzao aliyefia njiani, na jinsi walivyombeba kwa zamu usiku kucha bila mtu kuimba. Kuhusu fedha: jinsi malipo yalivyocheleweshwa, na jinsi ada yangu ya kidato cha kwanza ilivyotoka kwenye bakshishi ya safari moja tu. "Malalamiko yako yalikuwa kweli," alisema. "Tulidhulumiwa. Andika. Ila mtu anayedhulumiwa si kwamba hana kitu kingine."

*

Nilitaka sana tufike Mandara. Tulipoondoka Kisambioni nilikuwa nahesabu dakika. Msitu ulianza kubadilika, miti ikawa mifupi, imevaa zile ndevu za kijivu zinazoning'inia, na pembeni mwa njia kukawa na lile ua dogo jekundu lenye mkia wa njano, Impatiens kilimanjari, ambalo asili yake ni mlima huu tu. Baba alilionyesha kwa fimbo, hakuinama. Alikuwa anahema. Hatua zilikuwa zimefupika.

Getini tulikuwa tumekubaliana: saa saba mchana, popote tulipo, tunageuka. Sharti hilo aliliweka yeye mwenyewe.

Saa saba ilitukuta kwenye kona yenye daraja dogo la mbao. Kiongozi alisema zimebaki dakika ishirini, kwa mwendo wetu labda thelathini na tano. Nilimtazama Baba, naye alikuwa ameshaanza kugeuza fimbo.

"Baba, ni pale tu."

"Najua ni pale. Nimefika pale kabla hujazaliwa."

"Sasa?"

"Saa saba."

Nilisihi. Nina aibu kuandika hivi, lakini nilisihi kama mtoto. Nilimwambia amefanya mazoezi miezi miwili, watu walichanga, Mama anasubiri picha. Alinisikiliza huku ameegemea fimbo zote mbili.

"Wewe unataka mwisho wa habari," alisema. "Mimi nataka kurudi na goti. Wageni wengi nimewageuza wakilia. Mlima uko palepale."

Kiongozi wetu hakusema kitu, ila alivua kofia. Baadaye aliniambia kwamba somo la kwanza Baba alilomfundisha lilikuwa hilo: saa ya kugeuka hupangwa chini, kichwa kikiwa kimetulia, na ukifika juu huibadilishi.

Kushuka ndiko kulikokuwa mlima wenyewe. Daktari alisema kweli. Kupanda Baba alikuwa anahema tu. Kushuka kila hatua alikuwa anaipima. Fimbo mbili mbele, mguu mbaya kwanza, mzuri ufuate. Kwenye mizizi alishuka kinyumenyume, akishika mti. Kiongozi alikaa mbele yake hatua mbili, bila kumshika, mkono ukiwa tayari. Wajerumani wa asubuhi hawakutupita, wao walikuwa wanalala juu, lakini wagumu waliokuwa wanarudi na mifuko mitupu walitupita wakikimbia, na kila mmoja alipofika kwa Baba alipunguza mwendo, akatembea naye kidogo, akasalimia, ndipo akaendelea.

Saa ya mwisho alianza kuimba. Haikuwa kwa sauti kubwa, ni kama mtu anayejihesabia hatua. Magoti yangu mawili, ya miaka 35 na ya kukaa mezani, yalikuwa yanatetemeka. Sikusema.

Tulitoka getini saa kumi na moja na robo. Goti lilikuwa limevimba kama embe, lakini halikuwa na joto. Mama alikuwa ameketi kwenye benchi na chupa ya chai. Alimtazama Baba kuanzia kofia hadi viatu.

"Umefika?"

"Nimerudi," Baba alijibu.

Siku nne alikaa na mguu juu ya stuli na kitambaa cha barafu, akiamrisha kila mtu. Siku ya tano alishuka Mtoni. Anasema mwezi wa tisa atajaribu tena, na saa ya kugeuka itakuwa saa saba na nusu, maana sasa amelijua goti.

Makala hii nilimsomea kwa simu kabla ya kuituma, yote, neno kwa neno. Nilimuuliza kama niondoe ile sehemu ya choo. Akakaa kimya, nikamsikia anapuliza chai.

"Iache," alisema. "Sasa wameshajua na yaliyobaki." Kisha akanirekebisha mambo mawili. Kwanza, bibi wa glavu hakuwa Mjapani, alikuwa Mkorea. Nikamwambia nitarekebisha, akasema hapana, acha kama alivyosema siku ile kule msituni, halafu andika hapa chini kwamba alikosea. Pili, daraja lile halikuwa la mbao mbichi kama nilivyokuwa nimeandika kwanza. Ni mbao kuukuu. Yeye ni miongoni mwa waliozibeba.